Mota ya randa 2.2 kW, omu 7 kila upande: ni sawa au imesukwa vibaya?

fundi_langoni (Lamu)

Assalaam aleikum wanajamvi. Niko Lamu, mtaa wa Langoni, nina kibanda cha kurekebisha pampu na mota. Seremala mmoja wa milango ameniletea mota ya mashine yake ya randa. Imekuja juu ya punda, kamba imekazwa kwenye kifuniko cha feni mpaka kimebonyea, lakini hilo nimeshalinyoosha. Shida yenyewe ni kwamba mota inachemka. Akiranda msonobari inavumilia. Akipitisha mbambakofi, nusu saa tu mkono hauwekeki juu ya mwili wake na harufu ya vanishi inaanza kutoka. Haiangushi breka, haitoi moshi, beringi hazilii. Inachemka tu.

Kibati kimeliwa na chumvi, nimekisugua kwa ndimu mpaka nikapata haya: 2.2 kW, 415 V, 4.8 A, 50 Hz, mizunguko 1430 kwa dakika, insuleshani daraja F. Imefungwa nyota, yaani fezi tatu zimeungana kwa ncha moja moja mahali pamoja.

Nimepima kwa mita ya kawaida. Boliti tatu za mota ni U, V na W: U na V 7.1, V na W 7.2, U na W 7.1. Nikigusanisha ncha za mita zenyewe kwa zenyewe inasoma 0.4. Koili kwenda bodi ni salama, nimepiga mega (mita ya kupima insuleshani) ya volti 500 na haikushuka chini ya megaomu 50.

Seremala anasema mota ilishasukwa (koili zake zilizungushwa upya) mara moja kabla yeye hajainunua, hajui wapi wala na nani. Na ana mpwa wake anayemwambia kwamba zikisoma sawa zote tatu basi mota ni nzima, fundi anatafuta pesa. Sasa mimi nataka kujua: 6.7 hivi, nikitoa hiyo 0.4 ya nyaya za mita, ni namba ya kawaida kwa mota ya kilowati 2.2? Kibati hakiandiki omu. Nitajuaje ilipaswa kuwa ngapi kabla sijamwambia mtu atoe pesa ya shaba?

waya_na_boda

Zote sawa, mota nzima. Huyo mpwa yuko sahihi. Safisha mapezi ya mwili na feni, vumbi la mbao likichanganyika na mafuta linakuwa kama blanketi. Pia pima umeme wa kwake saa za jioni. Ukishuka mpaka 380 na mzigo ni uleule, ampea zinapanda na joto linapanda.

koili_malindi (Malindi)

Waaleikum salaam mwanangu. Zikisoma sawa zote tatu umejua jambo moja tu: hakuna fezi yenye koili iliyoungua ikashikana, wala uzi uliokatika upande mmoja. Hujajua kama zote tatu zimezidi kwa pamoja. Mtu akisuka mota nzima kwa waya mwembamba, mita itakupa usawa wa kupendeza kabisa, na mota itachemka vilevile. Nimeziona nyingi kwenye pampu za mashamba ya chumvi Gongoni na Marereni, usawa upo, na miaka miwili haifiki.

Kwa hiyo tafuta kwanza namba ya kutegemea, ndipo upime. Kibati chako kinatosha.

Mota ya 2.2 ya poli nne (hiyo 1430 ya kibati ndiyo inayoonyesha), ya kawaida, si hizi za kisasa za ufanisi wa juu, inageuza kama asilimia 80 ya umeme kuwa kazi. Ukitaka wati 2200 kwenye shafti, unavuta 2750 kwenye waya, na 550 zinabaki ndani ya mwili zikiwa joto. Joto hilo lina wenyewe wengi: shaba ya stata (sehemu isiyozunguka, yenye koili), rota inayozunguka, chuma, feni, beringi. Kwa mota za kimo hiki mimi huipa shaba ya stata asilimia 35 hadi 40, yaani wati 190 mpaka 220. Sasa wati za shaba ni ampea mara ampea mara omu, kisha mara tatu kwa sababu fezi ni tatu. 4.8 mara 4.8 ni 23, mara tatu ni 69. Gawa 190 kwa 69, unapata 2.75. Gawa 220, unapata kama 3.2. Hiyo ndiyo omu ya fezi moja, mota ikiwa kazini na moto wake.

Wewe umepima ikiwa baridi, na shaba ikipoa omu zinashuka. Ujanja wa kuhamisha ni kuongeza 234.5, namba ya shaba, kwenye nyuzi za joto pande zote mbili. Tuseme kazini koili ziko nyuzi 95 na kibandani kwako ni 30. 329.5 gawa kwa 264.5 ni karibu 1.25. Gawa omu za moto kwa 1.25: fezi moja baridi ni 2.2 hadi 2.55. Umefunga nyota, na ukipima U na V umepita fezi mbili, basi zidisha kwa mbili. Nilitegemea uone kati ya 4.4 na 5.1.

Wewe una 6.7. Hata makadirio yangu yakiyumba kwa asilimia 15, hiyo haiingii.

(Ingekuwa delta, yaani fezi tatu zimefuatana kama pembetatu, ungebadilisha hatua ya mwisho tu. Kipimo cha kila upande kwenye delta ni theluthi mbili ya omu ya fezi, kwa hiyo unazidisha ulichosoma kwa moja na nusu. Na delta ikikatika fezi moja, mita haikai kimya kama kwenye nyota. Pande mbili zinasoma kawaida ya fezi na wa tatu unasoma mara mbili yake. Watu wengi hudanganyika hapo.)

Lakini usimlaumu mtu kwa mita ya kawaida. Kuanzia omu 10 kushuka, ile mita inapima pia nyaya zake, klipu zake, na ile kutu ya kijani iliyo kwenye boliti zako za Lamu. Fanya hivi. Piga msasa boliti zote tatu mpaka ziwake. Chukua betri ya volti 12, ifuatanishe na balbu ndogo ya gari ya wati 10 ili ampea zisizidi moja, kisha mita ya ampea, kisha U na V. Mita ya pili weka kwenye volti na ziguse boliti zenyewe kwa ncha zake, si klipu za betri. Soma volti, soma ampea kwa wakati mmoja, gawa. Kwa njia hii omu za nyaya na kutu haziingii kwenye hesabu, kwa sababu waya wa mita ya volti haupitishi umeme wa maana.

Mambo mawili ya hadhari. Mota iwe imelala usiku mzima ili koili zilingane na hewa, na uandike nyuzi za hewa. Na ukimaliza, toa mita ya volti KWANZA ndipo ukate betri. Koili ikinyimwa umeme ghafla inarudisha teke linaloweza kuua mita, na vidole utavisikia.

chuma_baridi

Mzee, shikamoo. Ila hizi ni hesabu za darasani. Mimi nikiletewa mota nafungua, nahesabu raundi, napima geji, nasuka kama nilivyokuta. Haijanirudia.

koili_malindi (Malindi)

Marahaba. Ukiikuta mota imetoka kiwandani, hakuna neno. Ukisuka ulivyokuta kwenye mota ambayo imeshapitia mikono, umenakili wizi wa aliyekutangulia na kuuwekea vanishi mpya.

fundi_langoni (Lamu)

Shukrani sana mzee wangu. Nimefanya ulivyosema. Balbu nimeitoa kwenye taa ya sahani ya namba, betri ni ya sola ya jirani, mita ya pili nimeazima kwa fundi simu. Mota imelala ndani usiku kucha, na kipimajoto cha asubuhi kabla jua halijaingia kibandani kilisoma 30.

U na V: volti 4.80, ampea 0.71. Ni 6.76.
V na W: 4.79 kwa 0.71. Ni 6.75.
U na W: 4.74 kwa 0.70. Ni 6.77.

Nimeondoa pia vile vibati vya nyota nikapima kila fezi peke yake, nikapata 3.38 kote. Kwa hiyo zimelingana kuliko hata nilivyodhani, na zote ziko juu. Boliti ya W ilikuwa na kutu ya kukwangua kwa kisu. Nadhani ndiyo ile 0.1 ya ziada niliyoiona mwanzo.

Naifungua?

koili_malindi (Malindi)

Ifungue, lakini usikate kitu bado. Kwenye maungio ya waya wa kutoka utapata ncha ya koili. Ichome vanishi kwa kiberiti, ifute kwa msasa laini, pima kwa maikromita shaba tupu. Rangi ya waya isikuhadae; kuna waya za alumini zilizopakwa rangi ya shaba. Kwangua: ikiwa nyeupe ndani ni alumini, na alumini ina ukinzani mara 1.6 hivi wa shaba kwa unene uleule.

fundi_langoni (Lamu)

Ni shaba, nyekundu hadi ndani. Nyuzi mbili zimekwenda pamoja, kila mmoja 0.61. Hiyo ni geji 23. Vipande vya mti vinavyofunga sloti (mifereji ya chuma inayobeba koili) vinacheza, nimevitoa vingine kwa kidole bila nyundo. Sloti ziko 36. Ndani ya sloti kuna nafasi ya kupitisha kijiti cha kiberiti kati ya waya na karatasi.

koili_malindi (Malindi)

Hapo ndipo penyewe. Uzi wa 0.61 una eneo la milimita mraba 0.292, miwili ni 0.584. Ampea 4.8 gawa kwa 0.584 ni zaidi ya 8 kwa kila milimita mraba. Mota iliyofungwa mwili mzima, inayopozwa na feni ya nje peke yake, tena kwenye karakana ya vumbi, mimi sipendi ivuke 6 na kidogo. Na sloti ya kiwandani haiachi nafasi ya kijiti. Kiwanda kinashindilia.

Jaribu kwenye karatasi geji 22, nyuzi mbili. 0.711 kila mmoja, eneo la mbili ni 0.794. Ampea 6 kwa milimita mraba. Na omu zingeshuka kwa uwiano wa maeneo: 6.76 mara 0.584 gawa kwa 0.794, utapata 4.97. Rudi uangalie makadirio niliyokupa kwa kibati peke yake.

waya_na_boda

Duh.

mwalimu_saketi

Habari za hapa. Nafundisha umeme chuoni Malindi na mjadala huu nimewaonyesha wanafunzi wangu. Fundi, kabla hujaitupa ile shaba ya zamani naomba utupe vitu viwili: raundi za kila koili, na urefu wa raundi moja ya wastani. Ukivipata tutaikadiria omu kutoka kwenye shaba yenyewe, bila kugusa kibati wala kudhani ufanisi. Njia mbili zisizojuana zikikutana mahali pamoja, hapo mtu anaweza kumwambia mteja bei bila wasiwasi.

Kwa urefu wa raundi, chukua uzi wa cherehani, uzungushe katikati ya unene wa koili, sio raundi ya ndani kabisa wala ya nje, kisha unyooshe kwenye rula. Sehemu iliyo ndani ya chuma ni rahisi. Kinachowapoteza wengi ni vichwa vya koili nje ya sloti, vina urefu kuliko macho yanavyosema. Kama mota ina koili za ukubwa tofauti katika kundi moja, pima kila ukubwa na uchukue wastani.

fundi_langoni (Lamu)

Dada, nimekata upande mmoja na kuhesabu. Raundi 42 kila koili, koili sita kwa fezi. Uzi umenipa sentimita 43 kwa koili ndogo na 45 kwa kubwa, ziko sawa kwa idadi, kwa hiyo 44.

mwalimu_saketi

Asante. Twende. Raundi 42 mara koili 6 ni 252. Mara mita 0.44 ni karibu mita 110.9 za waya kwa fezi moja. Shaba ya nyuzi joto 20 ina omu 0.0172 kwa kila mita moja yenye milimita mraba moja. Kwa waya uliokuta: 0.0172 mara 110.9 gawa kwa 0.584 ni 3.27. Hiyo ni ya nyuzi 20. Kwako ni 30, basi zidisha kwa 264.5 gawa kwa 254.5, inakuwa 3.39. Fezi mbili, 6.79.

Ulipima 6.76 kwa betri na balbu ya sahani ya namba! Wanafunzi walikuwa wanabishana kama balbu itaharibu kipimo. Haiharibu, kwa sababu hatuihitaji volti ya betri. Tunahitaji volti ya koili na ampea inayopita humo tu.

Kwa geji 22, raundi zilezile na urefu uleule: 2.40 kwa nyuzi 20, 2.50 kwa 30, fezi mbili 4.99. Mzee wa koili alipata 4.97 kwa uwiano. Tofauti hiyo ni ya makato ya desimali.

Jambo moja kwa wanaosoma: raundi hazikuguswa. Aliyesuka mwanzo alihifadhi raundi 42 kwa sababu zikipungua au kuzidi, smaku ya chuma inaharibika na mota inalalamika siku hiyohiyo. Unene wa waya ndio unaoibika kimyakimya. Na ukitaka kujua kiliibwa kiasi gani, fezi tatu zina mita 332.7 za njia. Kwa geji 22 mbilimbili ni kama kilo 2.35 za shaba, kwa geji 23 ni kama kilo 1.73.

chuma_baridi

Nimekubali kwenye hii. Swali kwa mwalimu: kwani joto linazidi kwa wati ngapi hasa? Maana geji moja tu chini inaonekana kitu kidogo.

mwalimu_saketi

Chukua koili zikiwa nyuzi 100. Fezi yenye 3.38 kwenye nyuzi 30 inafika 4.27. Ampea 4.8 mara yenyewe, mara 4.27, mara tatu: wati 295. Kwa geji 22, fezi ni 3.16, jumla wati 218. Tofauti ni 77, ni sawa na kuwasha balbu ya zamani ya wati 75 ndani ya mota na kuifunga humo. Na haiishii hapo: shaba ikizidi joto omu zake zinapanda, wati zinapanda tena, zinatulia juu zaidi. Ongeza lile blanketi la vumbi alilolitaja waya_na_boda, hakukosea kwa hilo.

koili_malindi (Malindi)

Mwanangu wa Langoni, unapotoa shaba ya zamani usichome stata kwa moto wa wazi wa kuni za mkoko mpaka chuma kiwe chekundu, kama nilivyoona mtu akifanya ufukweni. Yale mabati membamba ya chuma yamepakwa utando wa kuyatenganisha. Ukipita nyuzi 370 hivi utando unaungua, mabati yanashikana, na chuma chenyewe kinaanza kuchemka. Utakuwa umerudisha wati ulizookoa kwenye shaba, na hakuna mita ya omu itakayokuonyesha. Kata vichwa upande mmoja, lainisha polepole, vuta upande wa pili.

fundi_langoni (Lamu)

Sikuchoma mzee, nimekata kwa patasi na kuvuta. Nimekesha na harufu ya vanishi mpya tu.

Waya wa geji 22 ilibidi uagizwe Mombasa, ukaja na basi hadi Mokowe na boti kuvuka. Raundi 42, nyuzi mbili, na sloti sasa zimejaa kiasi kwamba vile vipande vya mti nimevigonga kwa nyundo ya mpira. Asubuhi, nyuzi 30 tena, kwa betri na balbu ileile: 4.98, 4.97, 4.98.

Imerudi kwa seremala juu ya punda, safari hii nimeifunga mwenyewe. Nimekaa pale akiranda mbambakofi kwa saa mbili bila kuzima. Akazima, na nilikuwa nimeshafungua kisanduku cha waya na kuandaa klipu kabla, kwa hiyo kabla nusu dakika haijaisha nilikuwa nimesoma: 6.2. Naomba mwalimu unihesabie nyuzi ngapi, nataka nione kama nitapata sawa na wewe.

Mpwa alikuwepo. Aliuliza kwa nini nafunga betri kwenye mota ya umeme wa stima. Nikamwambia asome humu.

mwalimu_saketi

6.2 gawa kwa 4.98 ni 1.245. Mara 264.5 ni 329.3. Toa 234.5. Unapata karibu nyuzi 95, wastani wa koili nzima. Hewa ya hapo ikiwa 31 au 32, kupanda ni kama 63. Daraja F linaruhusu kupanda kwa 105 juu ya hewa ya nyuzi 40, mota yako ina nafasi nzuri hata wakati wa kaskazi.

Umefanya vizuri kuwahi nusu dakika. Kwa mota ndogo kama hii ndio muda unaokubalika. Ukichelewa zaidi, soma kila baada ya nusu dakika mara kadhaa, chora mstari na uurudishe nyuma hadi wakati wa kuzima.

fundi_langoni (Lamu)

Nilipata 94.8. Alhamdulillah.

bwawa_watamu

Samahani naingilia. Mimi si fundi, natunza nyumba ya wageni Watamu, nina pampu ya bwawa la kuogelea ya 0.75 kW, fezi moja, volti 240. Inavuma haizunguki. Kapasita ni mpya. Waya tatu zinatoka kwenye mota, fundi wa kwanza alizitoa na hakuweka alama. Nimepima mota ikiwa imechomolewa kwenye umeme, na nimeshatoa ile ya nyaya za mita: nyekundu na nyeusi 3.1, nyeusi na bluu 5.4, nyekundu na bluu 8.5. Je imeungua?

koili_malindi (Malindi)

Haijaungua kwa namba hizi. 3.1 na 5.4 ni 8.5, hesabu imefunga, kwa hiyo koili zote mbili ziko na zimeungana mahali pamoja. Kipimo kikubwa ni kati ya ncha ya koili ya kazi na ncha ya koili ya kuwashia. Waya ambao haumo kwenye kipimo hicho ndio wa pamoja. Kwako ni mweusi. Kutoka mweusi, upande mdogo wa 3.1 ndio koili ya kazi: nyekundu. Bluu ni ya kuwashia.

Nyeusi iende nutro. Nyekundu iende laini. Kapasita iwe kati ya nyekundu na bluu. Nadhani kwako bluu imepewa umeme moja kwa moja au kapasita imewekwa kwenye mweusi. Ukibadilisha ikavuma bado, zima mara moja, usiiache hata dakika, uzungushe shafti kwa mkono. Pampu za bwawa za pwani zikikaa msimu bila kazi, beringi na sili hushikwa na chumvi, na hapo si suala la koili tena.

Na kama hujazoea, muite fundi afunge waya. Kupima ikiwa imechomolewa ni jambo moja, kuiwasha ni jingine.

bwawa_watamu

Kapasita ilikuwa kwenye mweusi. Nimeita fundi wa jirani akahamisha. Inazunguka.